Kipimo

Saa kumi na moja alfajiri, kituo cha treni cha Villarmeal,
ukungu umekaa juu ya reli kama mgeni asiye na haraka.
Madebe yanashushwa migongoni mwa punda, thelathini na saba,
kila moja na jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu.
Mimi nina wiki mbili kazini
na koti la halmashauri lenye mikono inayomeza vidole.

Nachovya. Kioo chembamba kinaelea, kinayumba, kinatulia.
La Herminio, sawa.
La ndugu wawili wa Castañal, sawa,
ingawa unywele wa ng'ombe unaogelea humo;
nautoa kwa kijiti, naandika: chujio, onyo la kwanza.
La Etelvina Quirós.
Kioo kinazama.
Natoa, nafuta, nachovya tena. Kinazama palepale.

"Ni mvua," anasema. "Paa lilivuja usiku."
Kweli, mvua ya Asturias huchanganyika na kila kitu,
hata na mkate, hata na ndoa.
Lakini mvua gani hii ivujayo lita nne kamili?
Ana ng'ombe mmoja, Galana, aliyepunguza tangu majani yashikwe na baridi,
na mkataba wa lita kumi na mbili.
Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Naiweza na nyingine.
Daftari nililokabidhiwa linaanza na majina tisa
kwa mwandiko wa mtu aliyenitangulia:
homa ya matumbo, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha zinki,
kisima kimoja, debe moja, mwuzaji aliyesema ni mvua.
Wa saba ni Olvido, miaka mitatu.
Kwa lugha yetu jina hilo maana yake ni kusahau.

Nikalimwaga mtaroni.
Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki;
hawakuwaona paka wa stesheni.
Etelvina hakulia, hakunitukana.
Alilisuuza debe bombani mara tatu,
akakwangua kishikio kwa ukucha,
akaninyooshea nilikague.
Lilikuwa safi kuliko yote ya asubuhi ile.
Niliandika hilo pia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jioni mama ananiwekea kikombe, kahawa na maziwa.
Mlangoni pa jiko naliona debe dogo,
herufi zake nyekundu zimegeuziwa ukutani.
"Kunywa," anasema. "Nimeyachemsha mara mbili."
Hanitazami. Anafuta meza iliyokwisha kufutwa.
Kipimo kimo mfukoni mwa koti,
koti liko msumarini,
hatua nne kutoka hapa nilipo.
Nazihesabu kwa macho, kwenda na kurudi.
Juu ya kahawa utando umeanza kushika.