Tangu Lini

Mbele ya mahakama ya Pasto, chini ya mwavuli wa bluu,
nauza sentensi.
Meza ni ya kukunja. Taipureta ni ya marehemu baba,
na herufi a haikai mstarini, hurukia juu kidogo,
hivyo kila neno afya nililoliandika miaka yote hii
limechechemea mara mbili.

Maswali yangu ni yale yale.
Jina kamili? Nini kinauma? Bima walisema nini?
Hapo hunitolea vikaratasi:
hakuna nafasi, piga Jumatatu,
hakuna nafasi, mfumo umelala.
Mfumo hulala. Figo za watu zinakesha.
Tangu lini? nauliza mwisho,
nao hugeuka kuitazama barabara
kana kwamba tarehe inapita huko.

Nubia Jojoa alishuka kutoka mteremko wa Galeras
na mfuko wa viazi badala ya pesa.
Titi la kushoto, alisema.
Ukubwa gani?
Akapekua mfukoni, akaniwekea mezani
kiazi kimoja.

Nikaandika: Mheshimiwa Hakimu,
mama huyu hana ugomvi na mtu.
Anadai dawa aliyoandikiwa na daktari wa bima hiyo hiyo.
Miezi mitano sasa, na kiazi kinakua.
Nikakifuta kiazi, nikaweka uvimbe.
Sheria hupenda maneno yaliyonawa mikono.

Hakimu ana siku kumi, si zaidi.
Siku ya tisa tukashinda.
Siku ya ishirini dawa haijafika.
Hukumu isiyo na dawa ni karatasi iliyovaa mhuri,
tukarudi: kudharau mahakama, nakala tatu,
meneja tukamtaja kwa majina yote na namba ya kitambulisho,
tukaomba alale ndani.
Alhamisi, kabla ya saa mbili asubuhi,
wao ndio waliompigia simu.
Kumbe mfumo huamka.

Leo amekuja na kitambaa kichwani, nywele hakuna,
na mfuko mwingine. Akanikuta
nimeinamia karatasi hadi pua inagusa utepe wa wino.
"Na wewe, macho?"
Mtoto wa jicho. Yote mawili. Droo imejaa vikaratasi.
"Umejiandikia?"
Kinyozi hajinyoi, nikamjibu.
"Basi hamia upande huu."

Akazunguka meza. Mashine hakuigusa,
sheria haidai mashine.
Akachomoa daftari la shule la mjukuu wake
na penseli iliyotafunwa,
akailowesha ncha kwa ulimi.

"Jina kamili?"
Laureano Tulcán Pantoja.
"Nini kinauma?"
Hakuna kinachouma. Ukungu tu, unazidi.
"Bima walisema nini?"
Nikamsukumia droo.
"Tangu lini?"

Na mimi, niliyewauliza wengi swali hilo
bila kuinua kichwa,
nikageukia barabara,
nisiione.