Fomu Inayopaswa Kukataliwa

Oulu, Januari. Saa tisa alasiri
na jua limeshafunga duka.

Kazi yangu ni kupiga hodi vibaya.
Naichukua fomu iliyotiwa saini,
nabadili jina la faili,
nafuta uga mmoja,
napachika baiti moja ya ziada pale penye kikomo,
kisha naituma kwenye ghala la winguni
nikiomba nikataliwe.
Mia nne. Vema.
Mia nne na tatu. Vema zaidi.
Mama aliponiuliza nafanya kazi gani
nilimwambia: nalipwa nifungiwe mlango.

Wanaoingia kwa haki ni wafugaji wa kaskazini,
ambao kulungu wao huraruliwa na mbwa mwitu.
Hupiga picha: sikio lenye alama ya ukoo,
rula kando ya jeraha, theluji iliyokanyagwa.
Bila picha hakuna fidia.
Fomu huishi dakika kumi na tano.
Saini ikichacha, hata ukweli haupokelewi.

Mtihani wa kumi na tisa: fomu mfu.
Niliisaini, nikaiacha ipoe,
nikashuka kunywa supu ya samaki na Veikko
aliyelalamikia magoti yake mpaka bakuli likaisha.
Dakika arobaini. Nikarudi, nikaituma.

Mia mbili na nne.
Imepokelewa, wala ghala halikutamka neno.

Nilirudia. Nikarudia tena, kama mtu
anayejaribu kitasa cha nyumba ya jirani
na kuona aibu kwamba kinafunguka.
Kisha nikausoma mstari wa muda:
mashine ya saini iliangalia saa ya Helsinki,
ikabandika mwishoni herufi Z,
herufi ya saa ya dunia nzima,
ikaapa uongo wa saa mbili kamili.

Nikapekua kumbukumbu kumtafuta mwizi
aliyepenya kwenye ufa huo.
Nilimkuta Ánde Guttorm.

Kulungu kumi na mmoja tangu Novemba.
Fomu imefunguliwa saa nne na dakika sita;
picha imefika saa tano kasoro dakika mbili.
Siku nyingine, saa nzima na robo.
Kila mara anwani ileile ya mnara mmoja,
kila mara kipande kwa kipande, kimekatika, kimeanza upya.
Namwona amevua glavu juu ya kilima,
simu ameiinua, betri inakufa kwa baridi,
na yule mnyama miguuni pake.

Kosa ni kosa. Nimeliandika:
rekebisheni saa, leo, kabla ya usiku.
Veikko amesharekebisha. Mtihani wa kumi na tisa
sasa unakataliwa inavyopaswa.

Tiketi ya pili bado haina kichwa.
Nimeandika jina la bonde,
na chini yake:
dakika kumi na tano,
nani alizipima,
naye alikuwa amesimama wapi?