Kuzima si Kufa

Chirau wa Matuga hakuwa na pesa ya kioo cha simu,
akaniachia boksi la viatu lenye matundu.
"Kinyonga," akasema. "Hana makuu."
Nikamwita Nanga,
nikamfungia tawi la mpera ndani ya kizimba cha waya,
dirishani, ghorofa ya tatu, Tudor,
nikashuka zangu Mwembe Tayari.

Usiku wa kwanza, saa tatu, nikawasha taa.
Nanga kakauka kwenye ncha ya tawi,
rangi imemtoka kama leso iliyofuliwa mara mia,
mkia kauzungusha kama waya wa chaja,
macho vifuniko viwili visivyotazama popote.
Nikamtia kidole.
Akavimba, akanigeukia, akawa mweusi,
kisha akarudi kuwa karatasi.

Usiku wa pili vivyo hivyo.
Wa nne nikammulika tochi usoni,
nikamminya ubavu taratibu
niminyavyo kitufe cha simu iliyozimika:
hesabu kumi, achia, ngoja itetemeke.
Kazi yangu ndiyo hiyo. Watu huniletea maiti mkononi,
nami nachokonoa, napuliza,
zikafumbua macho mbele ya wenyewe.
Huyu hakufumbua. Huyu alizidi kupauka.

Alfajiri natoka kungali giza
kuwahi wasafiri wa mabasi wasio na chaji.
Panzi niliowaacha ndani, nikirudi hawapo.
Nikawashuku siafu.

Bi Saumu wa mlango wa pili
hamkaribii lumbwi, asema ana nuksi.
Akasimama nje, leso puani:
"Waja saa ngapi wewe?"
"Saa tatu."
"Za usiku?"
"Za usiku."
"Sasa wataka akutezee?"

Ijumaa transfoma ikalipuka huko mjini.
Hapana umeme, hapana kazi.
Nikabaki kitandani, simu yangu nayo imekufa.

Saa moja jua likaingia kwa pembe ya dirisha.
Nanga akageuza ubavu mmoja,
akautia weusi ubavu ule tu, kama mtu anayejianika,
wa pili akauacha kijani.
Nusu saa. Hapana hatua.
Jana ningesema kaganda,
lakini jicho moja lilinitazama mimi
na la pili lilimfuata nzi kwenye dari.

Saa nne akapiga hatua mbili.
Saa tano moja, akairudisha.
Nikarushia majani maji; akanywa tone,
akangoja, akanywa jingine.
Panzi nilimwona, kisha sikumwona,
na ulimi sikuuona kabisa.
Saa saba ukuta ukawaka kama jiko,
akaachama kinywa, akakaa hivyo mpaka alasiri.
Kazi yake ya mchana ule ilikuwa kupoa,
akaifanya vizuri kuliko mimi niliyekuwa nagaagaa.

Basi nimejiandikia nyuma ya risiti, nisisahau:
akituliza mwili, macho yakizunguka, yuko kazini.
Akipauka usiku, mwache.
Ila akifumba jua likiwa utosini,
au macho yakimzama kama visima vya kiangazi,
au nikimkuta sakafuni hana nguvu ya kushika tawi,
hapo nisingoje kesho.

Kabla ya adhana ya magharibi akapanda mwenyewe
mpaka kijiti chembamba kabisa,
pale ambapo nyoka akija kijiti kitamwambia.
Akakunja mkia, duara ndani ya duara.
Kijani kikamtoka polepole.
Nikahesabu: mara kumi na moja nimemwamsha,
mara kumi na moja nikamwandikia ugonjwa
kwa sababu ya saa yangu mimi.

Saa mbili umeme ukarudi mtaani, watoto wakashangilia.
Mkono wangu ukaenda kwenye swichi wenyewe.
Nikaukuta huko, nikaurudisha.

Bi Saumu akagonga ukuta.
"Leo huwashi taa?"
"Siwashi. Kuna mtu amelala."