Daftari la Zabibu

Tarehe sita Agosti. Kreti kumi na nne.
Nyeusi saba, nyeupe saba. Mnunuzi kalipa nusu.
Chini yake, kwa kalamu ileile:
Nyemo leo kaandika *dada* alipotaka *baba*.

Baba yake alicheka. "Mimi nimekuwa dada yako lini?"
Mtoto naye akacheka, kisha akafuta
kwa mate na kidole
mpaka karatasi ikatoboka.

Tarehe tisa. Kreti tisa. Ndege wamekula mstari wa mashariki.
Anaona *lima*, anasema *mila*.
*Mama* kaisoma vizuri ukurasa wa kwanza;
ukurasa wa pili *mama* ni mgeni,
anamtazama kama mtu aliyebisha hodi usiku.

Sikuwa natafuta kitu.
Mtu anayehesabu kreti huandika anachokiona, basi.

Tarehe kumi na moja. Hatukuvuna, upepo.
Ndala ya kulia mguu wa kushoto, tena.
Kasema, "Kesho tulikwenda bwawani."

Tarehe kumi na nne. Kreti kumi.
Daftari la shule limerudi na wino mwekundu: MVIVU.
Nililishika neno hilo
kama mtu aliyepewa chenji pungufu, gari limeshaondoka.
Mvivu gani huamka kabla ya jogoo,
akatambua mbuzi wa Chisomelo kwa kikohozi tu,
akarudia taarifa ya habari ya jana
neno kwa neno, na sauti ya mtangazaji?
Mvivu gani huumwa tumbo kila Jumatatu
na kupona kila Ijumaa saa nane?

Jirani kasema atafunguka, wavulana huchelewa.
Shangazi yake kasema ni macho.

Tarehe ishirini. Kreti sifuri. Nauli ya kwenda Mvumi.
Daktari wa macho alitundika ubao wa E:
E iliyolala, E iliyopinduka, E iliyotupa miguu juu.
"Nionyeshe miguu yake inaelekea wapi."
Nyemo akaonyesha zote, mpaka zile ndogo kama sisimizi.
Akapewa pipi.
Nikakaa pale kwenye benchi nikiwaza:
hapa anasifiwa kwa kuijua herufi iliyogeuka,
shuleni anachapwa kwa kuigeuza.

Ni muuguzi, Sechelela, aliyefunga mlango akauliza mengine.
Alichelewa kusema? Ndiyo.
Ukimtuma vitu vitatu, anarudi na kimoja? Ndiyo.
*Kuku* na *kuni*, anasikia kwamba zinaanza sawa?
Sijui. Sikuwahi kumuuliza.
Na kwenu, yupo mwingine?

Nikafungua daftari nimwonyeshe.
Akasoma kurasa zangu, kreti na yote,
akaandika pembeni neno refu: *disleksia*.
Nililitamka vibaya mara mbili.
Nyemo akanisubiri, hakunicheka.

Kwenu, yupo mwingine?
Njiani kurudi Hombolo swali lilikaa kati yetu.
Kwenye ushirika wa zabibu mume wangu huweka dole gumba,
husema, "Miwani nimeisahau nyumbani."
Miaka kumi na moja ya ndoa.
Mume wangu hajawahi kuwa na miwani.

Sikumwambia kitu. Nilimwaga unga wa uwele kwenye ungo,
nikawaita wote wawili.
Tazameni: mti wa mzabibu, kichala upande wa kulia, hiyo ni *b*.
Kichala upande wa kushoto, hiyo ni *d*.
Mmoja alichora kwa kidole kidogo,
mwingine kwa kidole kilichopasuka kwa kupogoa.
Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kwa mwalimu nimeandika barua. Nimeinakili mara nne
ili isionekane na hasira. Bado inaonekana.

Tarehe mbili Septemba. Kreti nane.
Mwandiko huu si wangu. Nimeukuta asubuhi,
mkubwa, umeinama, umekandamizwa mpaka karatasi ya chini:

*bada*

Sijauliza ni wa nani kati yao.
Sijafuta.