Tuta la Saba

Isevya, nyuma ya ghala la tumbaku,
wiki tatu tulizoa chupa na matairi
ndipo udongo ukaonekana.
Sasa tuna matuta tisa, bomba moja,
na daftari: Kalunde hulala nalo chini ya mto.

Alfajiri ya Jumanne, mchicha umekatwa.
Nyanzala kaapa kwa kaburi la mumewe,
mwizi atakiona!
Mlekwa akasema tulete mbwa.
Mimi nikachuchumaa.
Kisu kimepita mshazari,
vidole vinne juu ya ardhi,
hakuna mzizi ulioguswa.
Akataye hivi, nikawaambia,
kwao amewahi kulima.
Na ana sufuria inayongoja.

Tukabishana hadi jua likatuchoma utosini;
kiangazi cha Tabora hakibembelezi mtu.
Mwishowe tuta la saba tukaliacha bila jina,
tukachomeka kijiti, basi.

Septemba, hata mgagani umenyauka,
bomba halijatoa tone wiki nzima,
tukalikuta limelowa.
Si la saba tu. Yote tisa.
Ndoo imefunikwa juu ya jiwe.

Maji ya wapi, hatukuuliza.
Kalunde kalamba ncha ya penseli, kaandika:
Tuta la saba, mwanachama.
Ada: bado.