Mizani ya Uwanjani

"Panda, mama, pamoja na kapu lako."
Ndivyo nilivyoianza kila asubuhi
mwaka wa pili baada ya vita, Dar es Salaam,
kwenye uwanja tuliougombea na mbuzi wa majirani.
Mizani tuliinunua mnadani Gerezani,
bado ikinuka katani.
Wanawake waliona haya kupimwa hadharani,
wanaume walibana pumzi, wakidhani itapunguza.

Rubani alikuwa Gurbachan Virdi, Singasinga,
visikizi juu ya kilemba,
akiandika ratili kiganjani kwa penseli ya wino.
Hakuamini karatasi. Karatasi hupeperuka.
Abiria watano, sita kama mmoja anapakatwa.
Mafia, Kilwa, Lindi; Jumatano, Songea.
Barua kwanza, watu baadaye, kuku mwisho,
na kuku pia niliwapima.

Kule Bama hatukujuana.
Yeye alikuwa juu, kwenye Dakota,
mimi chini, Keya, bondeni Kabaw,
tope kiunoni, siku ya nne bila chembe mdomoni.
Zikaja. Zikatema magunia.
Moja likamshukia Koplo Likwata wa Masasi
akiwa bado ameinua mikono, anashangilia.
Tulimzika kabla ya mvua.
Mchele tukaupika.
Ungefanyaje?

Nilimsimulia siku moja tu,
tukiwa chini ya bawa, tukingoja masika yapungue.
Hakuuliza ilikuwa mwezi gani. Nami sikumtajia.
Alifuta kiganja chake kwa mate
hadi namba zote zikatoka,
na siku ile hatukuruka.

Kisha Rufiji ikafurika.
Serikali ikaleta unga: dondosheni, wakasema,
pita chini, sukuma, rudi.
Malipo mazuri; nasi tulidaiwa petroli ya miezi mitatu.
Virdi akaenda, na gunia hakusukuma.
Alitafuta kipande cha barabara kilichobaki kikavu,
kinachouzidi mkeka kidogo tu,
akatua.
Unga ulishuka mkono kwa mkono,
mtu wa mwisho akiwa majini hadi kifuani
na kofia yake kavu kichwani.
Gurudumu lilivunjika,
rafadha ikajikunja kama jani la mgomba.
Watu wa bima waliandika mstari mmoja:
hakuamriwa kutua.

Hiyo ndiyo safari yake ya mwisho.
Alifungua kibanda cha kutengeneza redio, Kisutu.
Ndege ikipita
aliongeza sauti.

Mizani nilipewa mimi, badala ya mshahara.
Napimia mkaa Buguruni.
Mteja akisema, "Tupa tu hapo, mzee,"
simjibu.
Nainama, nalishusha gunia
kwa mikono miwili, polepole,
mpaka niisikie ardhi imelipokea.