Kifuniko

Jumamosi, nyuma ya duka la Ndelilio, Kiusa,
tunamwaga picha juu ya meza ya kupimia kahawa.
Sheria ni moja: ukileta Kibo, unalipa chai ya wote.

Kamera zetu ni za zamani, za madirisha mawili:
unazungusha pete, kivuli kinamfuata mwenyewe
hadi pua mbili ziwe pua moja. Hapo, bonyeza.

Aminiel kaleta behewa bovu la stesheni,
kutu yake unaweza kuihesabu.
Mama Kaanaeli kaleta mikono ikimenya mshare;
tulibishana nusu saa
juu ya kidole gumba kilichofifia.

Kisha Eliakunda akaweka karatasi nyeusi tii.
"Baba. Uru, ile Jumapili ya mwisho.
Dirishani nilimwona vizuri kabisa.
Kifuniko kilikuwa bado kwenye lenzi."

Hakuna aliyecheka.
Ndelilio akaivuta taa, akainama,
akaikagua kama anavyozikagua zote.

"Mwanga ulitokea wapi?"
"Kushoto, kati ya migomba."
"Alivaa nini?"
"Koti la kanisani. Kifungo cha chini hakipo."
"Na pua?"

"Moja."